Msimshike, Ataamka

Sindeni, Handeni
11 Februari 1956

Mdogo wangu Rosa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na cherehani yako nayo ni nzima. Sisi huku tumekwisha kuvuna mahindi ya vuli, si haba, na sasa macho yapo mawinguni tukingoja masika.

Nina mambo mawili. La kwanza ni la furaha. Mashavu atapokea komunyo ya kwanza mwezi wa nane, sikukuu ya Bikira Maria, nami nataka avae gauni jeupe lililoshonwa na shangazi yake, si la kuazima. Vipimo atakuletea Abdi, yule dereva wa lori.

La pili linaniaibisha. Mtoto huyu amekuwa jeuri. Darasani namwuliza swali, ananikazia macho kama hanioni. Namwita tena, kimya. Midomo inachezacheza kama mtu atafunaye kitu. Kisha anaendelea kusoma kutoka katikati ya sentensi, kana kwamba sikusema neno. Juzi alikuwa anatoka mtoni na mtungi, akasimama njiani, mtungi ukamponyoka ukavunjika, naye akamwuliza mama yake, "Nani ameuvunja?" Mtoto wa miaka tisa anatufanyia mzaha wa namna hiyo!

Nimemchapa. Unanijua, mimi si mtu wa fimbo. Lakini mtoto wa mwalimu akimdharau mwalimu mbele ya darasa zima, watoto wa wenzangu watanifanyaje? Tena mwaka huu jina langu linatajwa kwa ualimu mkuu, na watu wananitazama kuanzia nyumbani kwangu.

Wewe anakupenda na anakusikia. Tafadhali mwandikie umwonye.

Ni mimi kaka yako,
Yordani Fransisko


Manundu, Korogwe
20 Februari 1956

Kaka Yordani, shikamoo.

Gauni nitashona, na litakuwa na mikono mirefu na lesi shingoni, watu waulize limetoka Tanga au Ulaya.

Kumwonya, sitamwonya. Keti kwanza, kaka, ndipo usome yanayofuata.

Mtoto wako si jeuri. Mtoto wako ana kifafa.

Nakusikia unavyoruka, hata hapa Manundu. Utasema kifafa ni kuanguka na kutoka povu, na Mashavu hajaanguka. Hata mimi sikuanza kwa kuanguka. Kabla ya yote yale unayoyakumbuka, kabla hata sijaangukia moto, kule kambini Ngombezi kwenye mkonge, nilikuwa na kitu nilichokiita "kwenda." Mama anazungumza nami, mara sauti yake inakatika kama mtu aliyefunga mlango. Mlango ukifunguliwa, mama keshafika kwenye maneno mengine, na shavu langu linawaka kwa kofi ambalo sikuliona likija. Nilisoma barua yako nikajishika shavu. Unamchapa mtoto kwa kosa la wakati ambao yeye hakuwapo.

Utauliza nimejuaje. Tabibu wa hospitali hapa Korogwe ndiye aliyenieleza, baada ya mimi nami kuamini kwa miaka kwamba nina shetani. Nilikuwa na kikombe changu peke yangu, nikakiosha peke yangu, nikakiweka mbali na vya wenzangu, nikiogopa kuwaambukiza. Tabibu akacheka, si kwa kunidharau, akaniambia haya ni maradhi ya ubongo, kama moyo ulivyo na maradhi yake na figo zilivyo na yake. Povu ni mate tu. Haliambukizi mtu. Akanianzishia vidonge. Huu ni mwaka wa tatu sijaanguka, na yule niliyekuwa nikimwogopa kuliko shetani, yaani mimi mwenyewe, nimemzoea.

Mlete. Asiteke maji peke yake. Asikae jikoni peke yake karibu na moto. Na ile fimbo iweke chini leo, usingoje kesho.

Sikuandika neno hili kwa mafumbo kwa sababu nimenong'onewa vya kutosha maishani mwangu. Mashavu asinong'onewe.

Dada yako,
Rosa


Sindeni
2 Machi 1956

Rosa,

Barua yako imefika wakati Mzee Hiza wa kamati ya shule ameketi barazani kwangu. Akasema, "Tusomee, mwalimu, tusikie habari za Korogwe." Nikasoma habari za gauni na lesi, mengine nikayabuni papo hapo. Umenifanya niseme uongo mbele ya mtu mzima.

Usilitaje neno hilo nyumbani kwangu. Usiliandike, wala usimpe mtu alilete. Nina mabinti watatu. Neno hilo likitoka nje ya mlango huu, nani atakuja kuposa? Siyo Mashavu peke yake, hata hawa wadogo ambao hawana kosa. Wewe mwenyewe uliolewa kwa ngoma na vigelegele, ukarudishwa na kijisanduku chako hata kanga hazijapauka. Unataka haya yampate mwanangu?

Mtoto ana uvivu wa akili, basi. Utamtoka akikua.

Gauni mpe Abdi. Wewe usije. Sisemi kwa ubaya. Watu wa huku wanajua nina dada mshonaji Korogwe, na hiyo inatosha. Mengine yamebaki Ngombezi, tuyaache huko huko.

Kaka yako,
Yordani Fransisko


Sindeni
27 Machi 1956

Wifi yangu Rosa,

Utanisamehe mwandiko wangu, niliishia darasa la tatu. Kaka yako hajui kama nakuandikia. Abdi amezima lori hapo nje, anasingizia kutia maji, ili nimalize.

Mashavu ameanguka. Nilikuwa nimeinjika maji ya ugali, nikatoka kuomba chumvi kwa jirani, hata sikukaa. Niliporudi nikamkuta amelala ubavu, mkono wa kushoto umo ndani ya moto. Hakulia, wifi. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Mwili unarukaruka, mkono unaungua, na mtoto halii. Majirani wamejaa mlangoni, wanapiga kelele, "Usimguse, Mama Mashavu! Povu hilo!" Nikamgusa. Ningefanyaje? Niliyemzaa ni mimi.

Usidhani kaka yako hana huruma. Alikuja mbio kutoka shule, akasimama mlangoni akashika mwimo, akatetemeka kuliko mtoto. Hakuvuka kizingiti. Baadaye akamchukua kwa siri mpaka kwa mganga mmoja ng'ambo ya mto, yeye anayefundisha watoto katekisimu! Wamemchanja chale kwenye paji la uso. Akaanguka tena kabla chale hazijakauka.

Sasa ameamua aache shule. Ati aende akakae kwa mama yangu shambani mpaka apone. Mama yangu haoni vizuri, wifi, jiko analipapasa kwa mikono. Nikasema hivyo, akanijibu, "Huko hakuna watu wa kumwona." Nyumbani hapa mtoto amepewa bakuli lake, wadogo zake wamekatazwa kula naye. Jana aliniuliza, "Mama, mimi nanuka?"

Barua yako ya mwezi wa pili nimeisoma. Aliificha chini ya godoro, na mwenye kutandika kitanda ni mimi. Ulisema aletwe hospitali. Mimi sijafika Korogwe tangu niolewe, na kwa tabibu sijui hata nianze kusema nini. Baba Mashavu atakwenda mkutano wa walimu Handeni baada ya Pasaka.

Nimekuambia. Sasa Abdi anapiga honi.

Wifi yako,
Grasiana


Sindeni
9 Aprili 1956

Rosa,

Nimerudi kutoka mkutanoni nimekuta nyumba yangu imefungwa kwa kamba. Hawa wadogo wako kwa jirani. Jirani ananieleza kwamba mwanamke wa Korogwe alishuka kwenye lori la Abdi, akaingia kwangu bila hodi, akatoka na mke wangu na mtoto wangu. Tena watu walipouliza mnakwenda wapi, mwanamke huyo akasimama katikati ya njia akajibu, "Hospitali. Mtoto huyu ana kifafa, na mimi pia ninacho."

Katikati ya njia, Rosa! Mchana kweupe!

Mzee Hiza amekwisha kupita hapa. Aliuliza hali ya mtoto, akatazama miguu yake, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Warudishe. Baba wa mtoto ni mimi, wala sikufa.

Yordani Fransisko


Manundu, Korogwe
15 Aprili 1956

Kaka Yordani, shikamoo.

Hodi nilibisha. Jirani yako akisimulia, asimulie yote. Nilibisha hodi, nikakaribishwa na mkeo, nikanywa maji, ndipo nikawachukua.

Mkono unapona. Vidole viwili vitabaki vimejikunja, lakini ni mkono wa kushoto, kalamu ataishika. Tabibu alikaa nasi muda mrefu. Grasiana uliyemdhani hajui kusema alieleza kila kitu, mtungi, kutafuna bila chakula, kila kitu, na tabibu akawa anaandika tu. Kisha akamgeukia mtoto mwenyewe, akamwuliza, "Mashavu, ukienda, huwa unakwenda wapi?" Mtoto akamjibu, "Siendi popote. Nyinyi ndio mnaondoka."

Tabibu akaweka kalamu chini. Hata mimi, niliye na maradhi haya tangu utoto, sikuwahi kuyasema vizuri hivyo. Huyu ndiye mwenye uvivu wa akili?

Amepewa vidonge kama vyangu. Anywe kila jioni, asiruke hata siku moja, kwa kuwa vikikatizwa ghafla maradhi hurudi kwa kishindo. Mwanzoni atasinzia sana, msimwite mvivu. Akianguka, mwondoeni penye moto na mawe, mlazeni ubavu, legezeni shingoni, basi mngoje. Msimshike kwa nguvu wala msimtie kitu kinywani. Akiamka atakuwa amechoka na ataona haya, hapo ndipo anapohitaji mtu wa kukaa naye. Kuhusu shule niliuliza mara mbili, ili nikuandikie bila kutia chumvi. Asome? Tabibu akasema asome.

Unaniambia wewe ndiye baba. Basi kuwa baba. Kumficha mtoto kwa bibi asiyeona ili naye asionekane, huko si kumlinda. Unauliza nani ataposa. Kaka, mimi niliposwa, nikaolewa, nikarudishwa, na niko hapa nakula, nashona, nacheka na watu wa Manundu mpaka mwenye duka ananiambia nipunguze sauti. Kilichoniumiza hakikuwa kuanguka. Nikianguka sina habari. Kilichoniumiza ni kuamka na kuona kila mtu amesimama mbali.

Nawarudisha Jumamosi. Mashavu atashuka na bandeji yake na atapita njia kuu. Kama unataka kutupokea, utatuona tukija. Kama hutaki, pia utatuona.

Na mwezi wa nane nakuja kwenye komunyo. Hukunialika, nimejialika.

Dada yako,
Rosa


Manundu
22 Julai 1956

Wifi Grasiana,

Nimepata habari zako kwa Abdi. Usimpige huyo mdogo wake Mashavu, mtoto akiona chupa huifungua, na dawa ikimwagika kwenye maji ya kuoshea vyombo haizoleki. Tabibu amekwenda safari wilayani, hatarudi mpaka mwisho wa mwezi ujao, na aliyebaki hataki kutoa vidonge bila yeye kuwapo. Lakini usihangaike. Mimi ninayo akiba. Nakufungia hapa vya kumtosha Mashavu mpaka tabibu arudi. Ampe mtu mzima kwa mkono, na chupa ikae juu ya kabati.

Nimefurahi kusikia hajaanguka tangu Mei. Nimefurahi zaidi kusikia amerudi darasani, hata kama kaka yangu amemkalisha nyuma kabisa karibu na mlango. Tutamsogeza.

Gauni limekwisha. Nalileta mwenyewe.

Rosa


Sindeni
19 Agosti 1956

Wifi yangu,

Ulipokuwa unapandishwa kwenye lori uliniuliza, "Wifi, nilifanya nini?" Watu walikuwa wengi, nikakwambia pumzika. Lakini najua utakuwa unajiuliza njia nzima, na hakuna atakayekueleza ila mimi. Basi nakueleza.

Ibada unaikumbuka. Unakumbuka Mashavu na lile gauni, na wanawake wakigusa lesi. Tuliporudi nyumbani watu walijaa uani, Mzee Hiza na wazee wenzake wamekaa kwenye mkeka, wewe unazunguka unanawisha watu mikono. Wengine walinyoosha mikono, wengine walisema wamekwisha kunawa. Uliliona hilo, nami nikaona umeliona, ukaendelea kutabasamu.

Halafu ukaingia ndani ukatoka na sinia la wali. Ulifika katikati ya uwanja ukasimama. Ukatoa sauti, siyo sauti yako, sauti kama ya mtu aliyepigwa kifuani. Sinia likaanguka kwa mlio mkubwa, nawe ukafuata.

Wifi, walikimbia. Sitakuficha. Watu wazima waliruka mikeka wakakanyaga wali. Mmoja anasema, "Mwagieni maji!" Mwingine kaja na mwiko, ati akutie menoni. Nami nilikuwa na kitoto mgongoni, nasukumwa na wanaokimbia.

Ndipo akainuka Mashavu. Na gauni lake jeupe, na bandeji zimetoka lakini ule mkono umejikunja. Akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Msimshike! Msimtie kitu kinywani! Ataamka!" Yule wa mwiko akarudi nyuma kama amefokewa na padri. Mtoto akavua shela kichwani, akaikunja, akakuwekea chini ya kichwa. Akajaribu kukulaza ubavu, akashindwa. Wewe ni mzito, wifi, unisamehe. Akainua macho akamtafuta baba yake.

"Baba, nisaidie."

Kaka yako alikuwa amesimama mlangoni, ameushika ule ule mwimo. Nikajua atabaki pale pale. Jambo ambalo hukuwahi kuambiwa, naye ameniambia juzi tu, ni kwamba siku ulipoungua wewe, kule kambini, alikuwa mtoto wa kumi hivi, akakukimbilia. Watu wazima wakamkamata kiunoni, wakambana, wakamwambia atakayekugusa atauchukua ugonjwa yeye na kizazi chake. Akakutazama ukiungua huku ameshikwa. Mashavu alipoanguka, akajua ni kweli, kizazi chake kimechukuliwa, maana alikuwa amekwisha kukugusa kwa ncha ya vidole. Miaka yote hii, wifi, sisi tulidhani anaona aibu. Alikuwa anaogopa.

Basi, alikuja. Sijui miguu aliipata wapi. Akapiga magoti kwenye wali na suruali yake ya sherehe, akakulaza ubavu, akakulegeza kola. Povu likakutoka, akalifuta kwa kiganja chake. Si kwa kitambaa, kwa kiganja. Akaketi hapo hapo chini, mkono wake uko begani kwako, tukangoja.

Mzee Hiza akaita kutoka mbali, "Mwalimu! Kanawe upesi!"

Kaka yako akasema, "Nitanawa wakati wa kula, mzee, kama watu wote."

Akasema tena, bila kusimama, "Huyu ni dada yangu Rosa, tumezaliwa tumbo moja. Ana kifafa. Binti yangu Mashavu naye anacho. Anayetaka kuondoka, sitamlaumu. Anayebaki, wali mwingine upo jikoni."

Wengi waliondoka. Nisikudanganye, walikuwa wengi kuliko waliobaki. Lakini mama wa jirani, yule aliyeniambia nisimguse mtoto, alirudi kutoka njiani, akaokota sinia, akaenda kuliosha. Ulipofumbua macho ulikuta sisi tu, na kaka yako akikuuliza kama unataka maji. Ukalia. Hicho ndicho ulichofanya, wifi. Ulianguka ukaamka, basi.

Sasa ni zamu yangu kukusema. Ulipolala nilifungua mkoba wako nikitafuta dawa yako. Chupa haina hata unga. Nikamwuliza Abdi, naye akasema tangu Julai amekuona unatetemeka mikono. Akiba yako ndiyo ile uliyotutumia? Ulimwandikia kaka yako kwamba dawa haikatizwi, ukaikatiza ya kwako! Ungeangukia barabarani je? Ungeangukia kwenye tanuri la mwoka mikate? Ungetuambia, tungekwenda Handeni, tungekwenda hata Tanga kwa miguu. Wewe huogopi mtu, lakini kuomba msaada unaogopa. Usirudie. Mashavu amejua, amelia sana, na anasema niandike maneno yake kama alivyoyasema: "Shangazi, ya kwako unywe wewe."

Wifi yako akupendaye,
Grasiana


Sindeni
30 Septemba 1956

Dada yangu Rosa,

Grasiana ananiambia tabibu amerudi na umeanza tena vidonge. Tafadhali usituchezee hivyo mara nyingine.

Nakuletea habari zilivyo. Juma la kwanza baada ya sherehe, watoto wengi hawakuletwa shule. Kamati ikaja barazani kwangu, Mzee Hiza mbele. Akasema, "Mwalimu, sisi hatuna chuki. Mtoe mtoto wako tu, hata kwa mwaka mmoja, wenzake warudi." Nikamwuliza, "Mzee, katika wote walioketi naye tangu Januari, nani ameanguka?" Akasema hakuna. Nikasema, "Mke wangu amekunywa kikombe kimoja na Rosa, nami nimefuta povu lake. Nitazameni." Wakanitazama kweli, kama mtu anunuaye ng'ombe. Mmoja akasema maradhi hayo huchelewa. Nikamjibu, basi njoo uniangalie kila siku, na ukija mlete na mwanao ili asikose hesabu.

Amekuwa akija, Rosa! Anasimama dirishani, anasikiliza. Mwanawe amerudi, na wengine wamerudi baada yake. Wako ambao hawajarudi, na sidhani kama watarudi. Ualimu mkuu umekwenda kwa mwingine. Niliumia, siwezi kusema sikuumia. Nilijifungia siku nzima. Halafu nikaona watoto hawajui ualimu mkuu ni wa nani, wanangoja kusoma.

Mashavu anakaa mstari wa mbele. Nimewafundisha darasa zima la kufanya akianguka, na ameanguka mara moja tu. Wale watoto walisogeza madawati, wakangoja, alipoamka wakamwambia tumefika ukurasa gani. Nilitoka nje kidogo nikasimama nyuma ya shule mpaka macho yakakauka.

Lakini linalonifanya nikuandikie leo ni jingine. Jumatatu alifika hapa mama mmoja wa wafugaji, ametembea kutoka kule mbugani, anaitwa Naeku. Amefuatana na kijana amefunikwa shuka usoni, anamwongoza kwa mkono kama kipofu. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Wewe ndiye mwalimu ameshika povu?"

Nikasema, "Ndiye mimi."

Akasema, "Huyu Salaash. Mwanangu. Anaanguka tangu mdogo. Nimemweka nyuma ya nyumba, wageni hawajamwona. Wamesema kwenu mtoto anaanguka, tena anasoma. Nimekuja kuona kama ni kweli."

Nikamwita Mashavu asome. Akasoma. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, sidhani kama alielewa nusu yake, kisha akamfunua mwanawe uso. Ana makovu, Rosa, kichwa kizima. Ni kijana mkubwa, ndevu zinakaribia kuota, na alikuwa anafumba macho kwa sababu ya jua.

Wako hapa nyumbani, wanakula nasi. Lakini mimi sijui pa kuanzia. Niambie nifanye nini.

Kaka yako,
Yordani


Manundu, Korogwe
4 Oktoba 1956

Kaka Yordani, shikamoo.

Vidonge nakunywa. Mwambie Mashavu, na mwambie mkeo aache kunitumia salamu za kunigombeza kwa Abdi, zimenifikia zote.

Nimesema na tabibu, anawangoja. Wapandishe lori la Jumanne. Salaash akae mbele kati ya Abdi na mama yake, asikae juu ya magunia. Mweleze Abdi mapema la kufanya, asije akasimamisha lori akakimbia. Naeku amweleze tabibu yote, hata yale anayodhani ni ya aibu, na kama Kiswahili kitampungukia, yuko mzee Moreto anayeuza ngozi sokoni hapa, atamfasiria, nimekwisha kumwomba. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuomba, mwambie Grasiana.

Nitawangoja pale lori linaposimama. Watalala kwangu mpaka wamalize.

Jambo moja tu mwambie huyo mama. Shuka ajifunge begani, asimfunike tena mtoto uso. Ni safari ndefu na hajawahi kuiona. Mwacheni aone njia.

Dada yako,
Rosa